Roboti Nayo Ivue Viatu

Luciana alikuwa na mwandiko mzuri, na huo ndio uliokuwa mkosi wake. Tangu shule ya msingi, kila penye watu watatu na kazi moja, macho yote yalimgeukia yeye. "Luciana awe katibu." Hakuna aliyewahi kumuuliza kama anapenda. Mtu akijaliwa mbio huulizwa kama anataka kucheza mpira. Mtu akijaliwa mwandiko hukabidhiwa kalamu tu, basi.

Mwaka wa kwanza pale chuo cha ufundi, Ifakara, alipangwa kwenye kikundi cha Silvano, wakaunda taa ya njiani inayojiwasha giza likiingia. Taa ilisifiwa. Silvano alisimama mbele ya wageni akaeleza kila waya ulikotoka na ulikokwenda, na mwishoni kabisa akanyoosha mkono na kusema, "Na huyu ni katibu wetu." Silvano hakuwa mtu mbaya; hata chapati yake alikuwa akimkatia nusu. Lakini aliyegundua kwamba sensa, kile kifaa kinachohisi mwanga, imefungwa kichwa chini ni Luciana, na hilo halikutajwa na mtu. Lilimuuma, na halikuacha kumuuma.

Sasa walikuwa mwaka wa pili, na Mwalimu Amedeus alitangaza miradi ya roboti zinazotembea. Masharti yake yalikuwa mafupi kama yeye mwenyewe. Kila kikundi kipeleke andiko la mradi mbele ya jopo, pamoja na mfano mdogo unaotembea. Andiko liwe la mkono, kwa sababu mwaka uliopita alipokea maandiko ya kuchapa yaliyofanana mpaka makosa, yote yametoka kwenye simu. Vikundi viwili tu vitapewa vifaa na meza ya karakana kwa muhula mzima. Watakaokosa watagawanywa kwenye vikundi vilivyopita, wakasaidie.

Luciana alijua fika atakwenda kusaidia nini. Kwa hiyo kabla mwalimu hajafunga mlango alikuwa ameshawakamata watu wake wawili. Wa kwanza ni Nickolaus wa Kibaoni, fundi wa kuandika programu, kijana ambaye simu haimtoki mkononi hata akila ugali. Wa pili ni Ndaki, Msukuma, ambaye wazazi wake walihamia bonde hili na ng'ombe wao na sasa wanaishi upande wa Mlimba. Mpole, ana maneno machache, na akifunga kitu kwa kamba hakifunguki mpaka akifungue mwenyewe.

"Sharti langu ni moja," Luciana aliwaambia walipokaa barazani mwa karakana. "Mimi siandiki."

"Sasa nani ataandika?" Nickolaus alishtuka. "Mimi mwandiko wangu hata mama yangu anaogopa."

"Kila mtu ataandika sehemu yake. Wewe programu, Ndaki mwili wa roboti, mimi wazo na mpango wa kazi. Atakayeandika ndiye atakayejibu akiulizwa."

Nickolaus alimtazama Ndaki, Ndaki akatazama juu. Wakakubali, kwa shingo upande.

Kupata wazo lenyewe kulikuwa vita. Nickolaus alitaka roboti ya kwenda mgahawani kumletea mtu chipsi. Ndaki alitaka roboti ya kuchunga ndama, akaieleza kwa upendo kiasi kwamba wenzake walianza kumwona huyo ndama. Luciana aliwaacha waseme mpaka wakaishiwa, kisha akauliza, "Hapa Ifakara msimu huu, uani kwa kila mtu kuna nini?"

"Mpunga," alisema Ndaki.

Hilo halikuhitaji akili nyingi. Mavuno yalikuwa yameingia, na mji mzima ulikuwa umetandika maturubai. Mpunga huanikwa, na ukianikwa lazima ugeuzwe. Usipogeuzwa, wa juu unakauka kupita kiasi na wa chini unabaki na maji, na ukiupeleka mashineni kukoboa unarudi na chenga tupu, mchele uliokatikakatika ambao mnunuzi anaupita bila kuusalimia. Ugeuzaji wenyewe ni wa miguu. Mtu anavua viatu, anaingia kwenye turubai, anaburuta nyayo taratibu, huku mistari ikibaki nyuma yake. Akimaliza anarudi kivulini, na baada ya muda anaingia tena kuikata ile mistari kwa upande mwingine. Ndiyo kazi ya siku nzima.

Luciana aliishi na bibi yake, Bibi Yosefina, kule Lipangalala, na kila msimu alimwona anavyofungwa na lile turubai kama mbuzi kwenye kigingi. Bibi Yosefina alipenda jumuiya yake ya kanisani kuliko chai. Alikuwa ndiye mwanzishaji wa nyimbo. Lakini mpunga ukiwa nje haendi popote, na jumuiya wanaimba kwa sauti ya mtu mwingine, ambaye kwa maneno ya bibi "anaanzia juu kama anaita basi."

"Roboti ya kugeuza mpunga," Luciana alisema. "Inakwenda taratibu, inaburuta meno ya mianzi, inafika mwisho wa turubai, inarudi. Bibi anakwenda jumuiya."

Nickolaus aliweka simu chini. Kwa wanaomjua, hiyo ilikuwa kura ya ndiyo.

Walipewa kwenye kabati la chuo mota mbili, betri, ubao wa kuongozea na sensa moja inayopima umbali wa kitu kilicho mbele. Mengine walijitafutia. Mwili ulikuwa beseni la plastiki lililofunikwa kifudifudi, magurudumu mifuniko ya ndoo za rangi, na reki Ndaki aliifunga kwa mianzi na kamba, ikakaa kana kwamba imeota pale. Nickolaus aliandika programu na kuitia jambo moja alilojivunia mno: roboti ikiona kitu chochote mbele yake inasimama, inangoja kipite, ndipo inaendelea.

"Ina adabu," alisema. "Inapisha watu."

Wote watatu waliona ni jambo jema. Watoto waliolelewa vizuri, wakaunda mashine iliyolelewa vizuri.

Jumamosi waliipeleka Lipangalala kuijaribu kwenye mpunga wa kweli. Bibi Yosefina alikuwa kivulini kwa ukuta wa jiko, kanga imemkaa kiunoni, fimbo ndefu pembeni.

"Shikamoo bibi," walisalimu wote.

"Marahaba wajukuu zangu. Hilo beseni ni la nani?"

"Ni roboti, bibi," alisema Luciana. "Inageuza mpunga."

Bibi alilizunguka lile beseni, akaliinamia, akagusa gurudumu kwa kidole na kukitazama kidole chake. "Imetoka wapi sasa hivi?"

"Chuoni, bibi. Tumeijaribu uwanjani."

"Uwanjani. Kwenye mchanga." Alifuta kidole kwenye kanga. "Nyie mmevua viatu hapo, nimewaona, mmefunzwa. Na roboti nayo ivue viatu. Mimi sijalima mpunga ili nile wali wenye mawe."

Nickolaus alicheka, halafu akaona kwamba bibi hacheki. Walitazamana. Gurudumu linavuaje viatu? Mwishowe waliyaosha magurudumu kwa maji ya kisima, na Nickolaus akavua soksi zake nyeupe, akasema ni mpya amezivaa asubuhi hii hii. Bibi hakutaka hata kuzisikia. Akaleta za kwake za kwendea kanisani, zilizofuliwa, na Ndaki akayavisha magurudumu. Kwa kweli soksi zilisaidia: mpunga haukupondeka, na gurudumu halikuteleza tena.

Wakaiwasha. Ikaenda! Luciana alishika mdomo. Ilikwenda taratibu kama mtu aliyetoka kuamka, meno ya mianzi yakichora mistari iliyonyooka, ikafika mwisho wa turubai, ikageuka, ikaanza mstari mwingine. Ndaki alitabasamu mpaka magego. Hata Bibi Yosefina aliguna, "Mh," na Luciana, aliyeijua miguno yote ya bibi yake, alijua huo ni wa kusifia.

Ndipo akaja jogoo wa jirani yao, Mzee Antoni. Alikuwa jogoo mwekundu, mnene, asiye na hofu ya Mungu. Alipanda kwenye turubai, akatembea mpaka mbele ya roboti, akaanza kula. Roboti ikamwona. Ikasimama. Ikangoja apite.

Jogoo hakupita. Kwa nini apite? Akawaita wake zake. Wakaja matetea na vifaranga, wakajipanga mbele ya lile beseni wakidonoa, na roboti imesimama wima kwa heshima zote kama kijana anayengoja wazee wamalize kunawa mikono.

Bibi Yosefina alicheka mpaka akakaa chini. "Mwana umleavyo ndivyo akuavyo," alisema akijifuta machozi. "Mmeifundisha heshima, imefuzu! Fimbo yangu haigeuzi mpunga, lakini kuku wanaiogopa. Hii yenu imewaandalia meza." Akainuka, akapiga fimbo chini mara moja, kuku wakatawanyika, naye akarudi kivulini akicheka peke yake.

Luciana hakucheka. Alikwenda akakaa nyuma ya jiko. Jopo lilikuwa Jumanne. Mashine inayolisha kuku wa jirani hakuna jopo litakaloipa meza ya karakana, na wiki hiyo hiyo atakuwa kwa Silvano, kalamu mkononi, akiandika kwa herufi zake nzuri jinsi watu wengine walivyofikiri. Aliona aibu kulia kwa ajili ya kuku, akalia hivyo hivyo.

Ndaki alimfuata, akachuchumaa hatua chache kutoka kwake, akamwacha amalize kwanza. Ndivyo alivyokuwa, asingeweza kumkatiza mtu hata katika kulia.

"Nyumbani tukilima kwa jembe la ng'ombe," alianza baadaye, "yangeyange wanajaa. Wanatembea miguuni pa ng'ombe wanadonoa wadudu. Ng'ombe hasimami. Akisimama kwa kila ndege, tutalima mpaka Krismasi. Yeye anakwenda tu, ndege wenyewe wanatoka."

"Na mtu akiwa mbele?" Luciana aliuliza, akipenga kamasi.

"Ng'ombe aliyefundishwa anapunguza mwendo. Anakufikia, anakugusa na pua. Ukitoka, anaendelea. Usipotoka, anasimama. Mdogo wangu aliwahi kusinzia kwenye mfereji wa shamba. Ng'ombe alimgusa, akasimama, hata baba alipompigia kelele hakwenda."

Luciana alinyanyua uso. Nickolaus, aliyekuwa amekuja na simu yake ili ajifanye hasikilizi, aliishusha.

"Oya," alisema. "Kumbe ng'ombe ana bampa."

Walifanya kazi mchana ule wote na Jumapili baada ya misa. Roboti ilitakiwa ipate pua. Ndaki alikata ndala kuukuu ya Bibi Yosefina, akaifunga mbele ya beseni ili ining'inie chini kabisa, karibu na mpunga, na nyuma ya ndala Luciana akafunga swichi ndogo. Hiyo aliifunga mwenyewe, na alipoona imefungwa kichwa chini aliirekebisha mwenyewe, hakungoja kumwambia mtu. Nickolaus aligeuza programu: ikiona kitu mbele ipunguze mwendo na kupiga honi, isisimame mpaka ndala ibonyezwe. Kuku anayetembea hafiki kwenye ndala. Asiyetoka, ndala inamfikia, na mashine inasimama.

Jogoo wa Mzee Antoni alikuja tena kwa madaha, akasikia honi, akaona kitu kinamjia bila salamu. Akaondoka akilalamika.

Jumanne chumba cha mikutano kilijaa. Mezani alikaa Mwalimu Amedeus, mwalimu mwenzake wa umeme, na mgeni mwalikwa, Mama Digna, mwenye mashine ya kukoboa kule Kibaoni, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuita wapagazi. Silvano na wenzake walitangulia. Walileta wazo la ndege isiyo na rubani ya kukagua mashamba, picha ukutani zinang'aa, na watu wakapiga makofi. Luciana naye alipiga. Zilikuwa picha nzuri, na hilo lilimnyong'onyeza zaidi.

Ilipofika zamu yao, Mwalimu Amedeus aliinua andiko lao na kulitazama kwa mbali, halafu kwa karibu.

"Luciana," alisema. "Hapa naona miandiko mitatu. Mmoja ni wako, namshukuru Mungu. Mmoja unasomeka ukijitahidi. Na huu mwingine sijui kama ni Kiswahili."

"Ni mimi huyo, mwalimu," alisema Nickolaus kwa unyenyekevu. Chumba kikacheka.

"Kwa nini hukuandika wewe andiko lote?"

Swali hilo Luciana alikuwa amelingoja tangu shule ya msingi. "Kwa sababu, mwalimu, nikiandika kila kitu nitaonekana mimi ni mwandishi wao. Mimi si mwandishi wao. Wazo hili ni langu, na swichi iliyo mbele ya hiyo roboti nimeifunga mimi. Ndaki ameandika alichokiunda na Nickolaus ameandika alichokipanga. Muulize kila mtu lake, atakujibu."

Kwenye safu ya tatu Silvano aliinamisha kichwa, akachezea kifuniko cha kalamu yake.

Mwalimu Amedeus aliwageukia mmoja mmoja. Aliuliza kila mtu lake. Nickolaus alijibu kwa mdomo vizuri kuliko alivyoandika. Ndaki alijibu kwa maneno machache, yote yakitosha. Luciana alieleza mpango: wiki za mwanzo ni za mwili na magurudumu, zinazofuata ni za kujaribu kwenye turubai la bibi kabla msimu haujaisha, na mvua ikitishia roboti itawaita watu, kwa sababu kukunja turubai bado ni kazi ya mikono.

"Sawa," alisema Mama Digna. "Lakini mimi mashineni kwangu wanawake wanakuja na watoto. Mtoto anayetambaa, je?"

Ndaki akatandika turubai, Luciana akamwaga mpunga wa bibi. Wakavua viatu bila kuambiwa, na Mama Digna akaliona hilo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mwalimu Amedeus alisogea atazame vizuri, mguu ukawa tayari ukingoni.

"Samahani, mwalimu," alisema Luciana. "Viatu."

Mwalimu alitazama viatu vyake vilivyong'arishwa, akamtazama Mama Digna, ambaye alikuwa anamngoja. Akainama, akafungua kamba. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, kidole gumba nje kikipunga upepo. Hakuna aliyethubutu kucheka, ingawa wengine walikohoa sana.

Luciana alikaa kwenye mpunga, akanyoosha mguu mbele ya roboti. Ikaja taratibu, ikapiga honi, ndala ikagusa unyayo wake. Ikasimama. Ndala ilikuwa laini, ya bibi yake, na kwa sekunde hiyo Luciana alifurahi kuliko alivyowahi kufurahi pale chuoni.

"Na kuku?" aliuliza mwalimu wa umeme.

Ndaki akatoka nje, akarudi na tenga. Mzee Antoni alikuwa amewaazima jogoo wake, tena kwa maringo, akisema kuku wake ameitwa chuoni. Kamba ilikuwa mguuni.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," alisema Mama Digna, na safari hii watu wakacheka waziwazi.

Jogoo alishuka, akautambua mpunga wa nyumbani, akainamia. Honi ikalia, beseni likaja. Jogoo aliruka, akatua juu ya meza ya jopo, katikati ya maandiko, akakunguta mabawa. Mama Digna alipiga meza kwa kicheko. "Hiyo ije kwangu hata kesho," alisema. "Na jogoo mumrudishe kwao."

Jioni hiyo hiyo Mwalimu Amedeus alibandika majina. Kikundi cha Luciana kilikuwa cha kwanza. Ndege ya Silvano ilisifiwa, lakini jopo liliona vibali vya kuirusha visingepatikana muhula huu, hivyo wangojee. Nickolaus alimrukia Ndaki mgongoni. Luciana alisoma jina lake mara kadhaa, kisha akasoma chini zaidi, kwenye mgawanyo: Silvano, kikundi cha mpunga, akasaidie.

Hapo shetani alimpitia kidogo, tusimfiche. Njia nzima ya kurudi Lipangalala alikuwa akiionja sentensi moja kama pipi. "Silvano, wewe utakuwa katibu wetu." Aliisema kwa upole, akaisema kwa ukali, akaisema akiwa amegeuka pembeni kama jambo dogo. Kila namna ilikuwa tamu.

Jumamosi asubuhi Bibi Yosefina alikuwa amevaa kitenge kizuri na kitambaa cha kichwani, kitabu cha nyimbo kwapani. "Mimi nakwenda jumuiya," alitangaza. "Nikirudi nikute mpunga wangu umegeuzwa, na soksi zangu zimefuliwa." Akaondoka akijaribu sauti, akianzia chini kama inavyostahili.

Hakuwa amefika kona Silvano alipoingia uani. Alikuwa ameshika daftari jipya na kalamu mbili, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyejiandaa.

"Mambo, Luciana. Nimepangiwa kwenu." Akalifungua daftari. "Najua mwandiko wangu si kama wako. Lakini nitaandika. Ni haki yako."

Ile sentensi ilikuwa mdomoni kwake tayari, imeiva. Luciana alimtazama akiwa amesimama ukingoni mwa turubai na kalamu zake, hajui aweke wapi macho, na akaujua ule msimamo. Aliwahi kusimama hivyo mwaka mzima. Utamu ukaisha mdomoni.

Nyuma yake roboti ilikuwa inapiga honi, gurudumu moja likipepesuka, na Ndaki na Nickolaus walikuwa wanabishana ni nani wa kulishika.

"Weka daftari hapo dirishani," alisema Luciana, akimnyooshea bisibisi. "Vua viatu, uingie."